Nchi Isiyouliza Furaha

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuandika maneno ya watu wengine bila kuongeza langu, na viapo vya waongo nimeviandika kwa mwandiko ule ule mzuri niliowaandikia wasema kweli. Kwa hiyo ninaposema nilifika nchi ya Ng'arani nikakaa huko siku nne, naomba nisomwe kama karani anavyosomwa. Njia sitaieleza. Mwenye shida nayo ataiona mwenyewe, na asiye na shida nayo amshukuru Mungu, ajilalie zake.

Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu, Mwanaidi, fundi cherehani, aliyetoka nyumbani siku ya tisa ya furaha yake, peku, akiimba.

Mpakani nilipokewa na Bwana Kunjufu, afisa mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Unawaka?"

"Sikuelewa, bwana."

"Hapa tunasalimiana hivyo. Nikikuuliza unawaka, nawe unajibu nawaka. Haya, tuendelee. Una furaha au una huzuni?"

"Namtafuta mdogo wangu."

"Hilo siyo jibu," akasema, akavuta droo. "Kama una huzuni, utajaza karatasi hizi nane. Utaandika sababu, utaleta mashahidi watatu, na utapewa muda. Kufiwa na mzazi ni siku tisa. Kuachwa na mchumba ni siku mbili. Paka ni mchana mmoja, kama alikuwa paka mzuri."

"Na kama nina furaha?"

"Pita tu. Furaha haina karatasi."

Ukutani nyuma yake paliandikwa kwa rangi ya manjano: FURAHA HAIULIZWI. Nikiwa mtu wa mahakama niliomba kifungu chenyewe, naye akanisomea kutoka kichwani. Ni kosa kumuuliza mtu anayewaka furaha yake imetoka wapi, au kumuuliza amekula nini, au amelala lini. Mwulizaji ana swali moja tu, na jibu husubiriwa kwa saa moja. Aliyeulizwa asipojibu, mwulizaji hufukuzwa peke yake na hatakanyaga tena nchi hiyo. Aliyeulizwa akijibu, wote wawili hufukuzwa. "Maana furaha yenye jibu si furaha tena," akasema Bwana Kunjufu, "ni habari tu." Akacheka sana. Nilipokuwa napita niliona shavu lake la kushoto lina mistari ya mkeka, mistari mibichi kabisa, na nyuma ya kabati la mafaili ncha ya mkeka imechungulia. Nikageuza macho. Karani humjua karani mwenzake.

Nikaingia mjini. Mto unaoukata mji mkuu wa Ng'arani una madaraja kumi na moja, na hakuna hata moja linalofika ng'ambo. Kila moja limeanzwa kwa ngoma na vigelegele, likafika katikati ya maji, likaachwa ili lianzwe lingine zuri zaidi. Watu huvuka kwa miguu, nguo zimekunjwa mpaka magotini, huku wakiyasifu madaraja yaliyo juu ya vichwa vyao. Hospitali ina lango la chuma lililosukwa maua, na ukilipita unatokea kwenye shamba la mihogo. Nilimuuliza bwana mmoja aliyekuwa akikamua maji kwenye suruali yake kwa nini hawamalizi angalau daraja moja.

"Kumaliza?" akasema, akinihurumia. "Mgeni, kumaliza ni kazi ya watu waliochoka."

Heshima kule hupimwa kwa siku ambazo mtu amekaa macho. Nilimwona babu mwenye ndevu nyeupe akimwamkia shikamoo msichana wa miaka ishirini, kwa kuwa msichana alikuwa na siku sita hajalala, na babu, aibu yake, alikuwa amesinzia juzi. Sheria zinatungwa na wenye siku saba kwenda juu, ambao huitwa Wawakaji. Wiki niliyofika Baraza lao lilikuwa limepitisha kwamba mvua iombe ruhusa kabla ya kunyesha, na lilikuwa likijadili kama watoto wazaliwe wakiwa wameshajua kusoma. Hakuna aliyepinga, kwa sababu kupinga huanza na kuuliza.

Mwenye nyumba niliyofikia aliitwa Bi Tuliza, mama mnene, mpole, mwenye macho mekundu. Sebuleni kwake palikuwa na kitanda kikubwa kilichopangwa sufuria na vyungu vya maua, kwa kuwa vitanda Ng'arani ni vya kuwekea mapambo. Alifunga mlango, akaninong'oneza, "Baba, nyuma ya magunia ya mkaa kuna godoro. Mchana, watu wakienda barazani. Usikorome."

"Kwani watu wote hapa hulala kwa kujificha?"

"Watu wote," akasema. "Ila wenyewe. Wawakaji hawalali kweli."

Nikamweleza ninayemtafuta: mwanamke mrefu, ana pengo la jino hapa mbele, huvaa kanga nyingi kwa wakati mmoja. Akashika kifua.

"Mwanaidi ndugu yako? Huyo leo ana siku ya kumi na mbili! Ijumaa anaketishwa kwenye Kiti cha Mwanga. Hajawahi kutokea mgeni akawaka namna ile. Mji mzima unamwimba." Kisha akatazama mlango, akashusha sauti. "Lakini baba, ngoma ikilia sana hupasuka. Wale waliokikalia kile kiti kabla yake, watano nawajua kwa majina. Siku moja mtu anaamka, yaani, siyo kuamka, anazimika. Hasemi, hali, halii. Tunaambiwa amesafiri. Anapelekwa Bonde la Mapumziko, na hakuna anayekwenda kumtazama, kwa sababu huzuni yake haina mashahidi watatu."

"Kati yao kuna ndugu yako?"

"Mume wangu," akasema, akaanza kupanga upya vyungu vya maua.

Hapa lazima nisimame niseme la kwetu, maana karani anayeandika makosa ya wengine na kuficha yake ni mwongo mwenye kalamu. Mwanaidi alikaa miaka miwili nyumbani akiwa kimya. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi na kiatu kimoja mguuni. Miaka ile miwili tulimuuliza kila kitu. Umekosana na nani? Umerogwa? Umefanya dhambi gani? Shangazi alimuuliza, jirani alimuuliza, hata mwuza mkaa alimuuliza. Kisha asubuhi moja akatoka chumbani anaimba. Alifagia uwanja wetu, akafagia na wa majirani, akafagia barabara mpaka kwenye kituo cha polisi. Alishona sare kumi na nane kwa siku mbili. Siku ya tano alimpa cherehani yake mwanamke aliyekuwa akipita tu, na sisi tukasema, ona moyo wake ulivyofunguka! Tulipika pilau. Majirani walisema dua zimejibiwa. Mimi nilicheza, mimi Hoza ambaye sichezi hata harusini. Katika siku zile tisa hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali lolote. Tulikuwa raia wa Ng'arani kabla hatujaijua.

Nilimkuta Mwanaidi kwenye uwanja wa mji, juu ya mawe ya msingi wa jengo fulani, akihutubia umati. Alikuwa akieleza jinsi atakavyoshona kitambaa kimoja cha kuufunika mji mzima, chenye vifungo, ili jua lifunguliwe mtaa kwa mtaa. Alieleza vizuri, na nakiri kwamba kwa muda nilikiona kitambaa kile. Sikuwahi kumwona mzuri vile. Nikasikia hamu ya kukaa chini nimsikilize mpaka mwisho wa maisha yangu.

Aliponiona aliruka kutoka kwenye mawe. "Kaka Hoza! Nilijua! Nilikuwa nakwambia hapa hapa sasa hivi, umesikia? Shika kanga hii, shika na hii, hapana, zote, mimi sina baridi, mimi sina baridi tena maisha! Kaka, nimeelewa mambo yote, nitakueleza, yamepangwa mstari, siyo magumu hata kidogo, ni watu tu hawatazami!"

Akanikumbatia. Chini ya zile kanga mlikuwa na mifupa mitupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, sauti imekauka, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, twende nyumbani, Mama anakusubiri." Akacheka, akanibusu kipaji, akapanda tena juu ya mawe. Nilibaki na kanga mikononi. Nilikuwa nimempata, na bado nilikuwa nimemkosa kama siku ile alipoondoka.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Tabibu Makini, mganga pekee mwenye leseni Ng'arani. Alikuwa mtu mfupi aliyechoka waziwazi, jambo ambalo kule linahitaji ujasiri. Alinionyesha daftari lake la wagonjwa. Lilikuwa na safu moja tu ya maradhi, na juu yake paliandikwa Huzuni.

"Mimi naruhusiwa kutibu waliozimika," akasema. "Waliowaka siruhusiwi hata kuwashika mkono kuhesabu mapigo. Miaka ishirini naandika wagonjwa wa bondeni, na kila mmoja, kila mmoja bwana karani, alipita kwanza uwanjani akishangiliwa. Ni nyumba moja, ina mlango wa mbele na wa nyuma. Wao wameniweka mlango wa nyuma."

"Kwa hiyo furaha ni ugonjwa?"

Akakasirika kidogo. "Nani kasema? Furaha ni furaha. Mtu mwenye furaha hula ubwabwa wake, akashiba, akapiga miayo, akalala, akaamka bado anayo kidogo. Ugonjwa ni ile isiyojua kukaa chini. Haina mwisho, inamla mwenye nayo. Yule mdogo wako, siku ngapi?"

"Kesho kumi na tano."

Alifunga daftari. "Mume wa Bi Tuliza alifika kumi na sita. Akishaketishwa kwenye kiti hawatamruhusu mtu kumkaribia."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema yeye haruhusiwi kunishauri nivunje sheria. Kisha akaongeza kwamba mgeni, hata hivyo, akivunja sheria, hufukuzwa tu.

Ijumaa asubuhi Baraza lilijaa. Wawakaji wote walikuja, wakizungumza wote kwa pamoja, kila mmoja akijibu swali ambalo hakuulizwa. Raia wa kawaida walisimama nyuma, wamekodoa macho kwa bidii. Bi Tuliza alikuwepo, na Bwana Kunjufu alikuwa ameletwa kutoka mpakani kulinda mlango. Mwanaidi alisimama kando ya kiti, chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, kisicho na egemeo, kwa kuwa egemeo humfanya mtu asinzie. Alikuwa anasema, anasema, mikono hewani.

Nilijipenyeza mpaka mbele. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Mahakamani mimi hukaa chini ya hakimu, pembeni. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Mwanaidi, umelala lini?"

Watu walishika vichwa. Mwanamke mmoja alizirai, au alijipatia nafasi ya kulala, sina hakika. Spika wa Baraza, mwenye siku kumi na moja, alipiga kengele, akasema kwa furaha kubwa kwamba kosa limetendeka na saa imeanza.

Mwanaidi alinigeukia, akacheka. Akasema kulala ni desturi ya zamani. Akasema habari za vifungo vya jua. Akasema habari za baba yetu, aliyefariki, kwamba yuko salama na wanazungumza kila siku. Kila alipovuta pumzi nilidhani atajibu, naye akaenda kwingine. Robo saa ikapita, kisha nusu. Karani wao, maskini, alikuwa akiandika kila neno, na nilimwonea huruma ya kazi. Nilijua kwamba saa ikiisha nitatolewa peke yangu, mlango ufungwe, na wiki ile ile au ijayo mdogo wangu apelekwe bondeni kukaa ukingoni mwa kitanda bila mtu wa kumwuliza chochote. Nikataka kusema tena, lakini sheria inaruhusu swali moja.

Nilichofanya sikukipanga. Nilikuwa na siku nne ninalala kwa vipande nyuma ya magunia ya mkaa, na pale, mbele ya Baraza tukufu la Ng'arani, nikapiga mwayo. Mwayo mkubwa, wa machozi.

Bwana Kunjufu pale mlangoni akajizuia, akajizuia, akapiga mwayo. Bi Tuliza akafuata, akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha mstari wote wa nyuma, kisha babu mwenye ndevu nyeupe, kisha karani wao, kalamu ikiwa hewani. Umati mzima ulikuwa unapiga miayo, unaona haya, unapiga tena. Wawakaji waliendelea kuzungumza. Mwanaidi alikuwa katikati ya sentensi. Alinitazama usoni, taya lake likaanza kutetemeka, na mdomo wake ukafunguka polepole ukatoa mwayo mrefu ambao ulionekana kumuuma.

Ulipokwisha alinyamaza.

"Kaka," akasema, "sijui. Sikumbuki. Miguu inaniuma. Kaka, nimechoka, na furaha hii haitaki kunyamaza. Nisaidie inyamaze."

Spika akapiga kengele, akatangaza kuwa jibu limetolewa na wahalifu ni wawili. Walitusindikiza kwa nyimbo. Bwana Kunjufu alitufungulia kizuizi bila kutuuliza kama tunawaka, na Bi Tuliza alitukimbilia mpaka mpakani kumpa Mwanaidi ndala zake mwenyewe. "Mwambie atembee polepole," akaniambia. Nilimwomba tufuatane. Akasema mume wake bado yuko bondeni, na kwamba siku moja atapata moyo wa kushuka. Nikamwambia ashuke bila mashahidi watatu. Sijui kama alishuka.

Nyumbani nilimpeleka hospitali ambayo, ukishapita lango, ina jengo. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimuuliza maswali yote ambayo ni kosa kuyauliza Ng'arani. Mwanaidi alilala siku mbili. Kisha akazimika, kama Tabibu Makini alivyosema, akakaa miezi mitatu amegeukia ukuta, na tulikaa naye. Kisha, kwa dawa na kwa uvumilivu, alirudi. Sasa anashona tena, kwa cherehani ya kuazima. Anakula. Saa tatu za usiku anapiga miayo.

Ningemalizia hapo, na ripoti ingekuwa nzuri. Lakini mwezi uliopita mbuzi wa jirani aliingia uwanjani akatafuna futi ya kushonea, ile tepu ya kupimia, akawa anatembea ikining'inia mdomoni, namba zinaonekana. Mwanaidi akacheka, akapiga mapaja. Mama akaweka chini ungo. Shangazi akatoka jikoni. Mimi nikasimama mlangoni. Wote tulimtazama, na kabla hajamaliza mimi ndiye niliyesema, "Umekunywa dawa leo?"

Kicheko kikakatika.

"Nimekunywa, kaka," akasema. Akainamia kitambaa chake. Baadaye, tulipobaki wawili, alisema bila hasira: "Mnanitazama kama maziwa yaliyo motoni. Kule walinishangilia nikikaribia kufa. Hapa siwezi hata kumcheka mbuzi. Kaka, mimi nataka kucheka tu kama mtu. Wapi watu hucheka hivyo?"

Namkumbuka Mwanaidi wa zamani, kabla ya kimya na kabla ya moto, ambaye angeweza kucheka mpaka akaanguka mkekani na mimi nisihesabu chochote. Hata yule wa juu ya mawe, Mungu anisamehe, kuna siku namlilia. Lakini ninayemlilia zaidi ni Mwanaidi ambaye sikuwa namwogopa. Huyo sikumpoteza Ng'arani. Nilimpoteza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kumtazama.

Jumapili iliyopita alicheka tena. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikigongelea mguu wa stuli, na yeye alikuwa ameshona mfuko wa shati upande wa ndani, mfuko mzuri kabisa ambao hakuna mkono ungeufikia. Aliugeuza, akaugeuza tena, kicheko kikamtoka. Swali lilinijia mpaka kwenye meno. Nikashika nyundo kwa nguvu, nikatazama msumari. Alicheka mpaka akashiba, akafuta macho, akachukua wembe akaanza kuufumua ule mfuko, uzi kwa uzi. Nami nikaacha stuli, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu kilikuwa kicheko cha kawaida, na kwa sababu kilikwisha chenyewe.